Glavu Iliyofuliwa

Tulipoachana wiki jana, Queen alikuwa kasimama kwenye chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo lao la Hässelby, mkono kwenye mlango wa kabati la kukaushia nguo, akiogopa kuufungua. Najua wengine wenu mliapa kwamba mle ndani mna maiti. Poleni. Mle ndani mlikuwa na kitu kibaya zaidi.

Akaufungua.

Joto likamvamia usoni. Mashuka, taulo za jikoni, vitenge viwili, vyote vimetundikwa kwa adabu. Na katikati yao, imebanwa kwa vibanio kama samaki anayesubiri moshi, glavu yake.

"Nej," akasema Queen. "Nej, nej, hapana!"

Uliyeingia leo, sogea nikuweke sawa. Queen ni mlinda mlango wa magongo ya barafuni, timu ya kina dada ya Isfalken, bingwa wa Sweden mara mbili. Kile kisahani cheusi cha mpira mgumu hupigwa kikaja kwa kasi ya gari la barabara kuu, na cha kukidakia ni glavu moja tu, pana, ya ngozi, mkono wa kushoto. Hii ya Queen alikuwa ameizoesha msimu baada ya msimu hadi ikawa inajifunga yenyewe, kama mdomo wa mtoto kwenye titi.

Sasa akaigonga kwa kidole. Ikalia ko, ko, ko, kama mtu anapiga hodi.

Nyuma yake mlango wa chumba ukafunguka. Mama yake, Dafrosa, akaingia na kapu la plastiki kiunoni, anaimba.

"Umeamka? Nimekufulia ule mfuko wako wa uvundo. Wote! Digrii sitini, na siki nikatia."

"Mama. Umefua glavu."

"Ilikuwa inanuka, Queen. Kama beberu aliyeingia kanisani."

"Inatakiwa kunuka!"

"Kitu gani duniani kinatakiwa kunuka?"

"Glavu! Glavu inatakiwa kunuka! Haifuliwi, Mama, haikaushwi kwenye moto, inaachwa!"

Dafrosa akaweka kapu chini. Mwanamke wa Bukoba huyu, aliyekuja Stockholm msichana kusomea uuguzi na sasa anatunza wazee, na katika maisha yake yote hajawahi kushindwa na uchafu.

"Nisikilize. Zamu ya kufulia nimeingojea wiki mbili nzima. Leo jumuiya inasali kwangu. Niwapokee korido inanuka vile, waseme Dafrosa anafuga nini humu ndani? Wewe umelala. Mtu mzima, saa sita mchana, umelala!"

"Siku ya mechi tunalala. Wote tunalala. Ni kazi!"

"Basi na mimi nilikuwa kazini."

Queen akaing'oa glavu kwenye vibanio, akaingiza mkono. Vidole vikaingia. Akajaribu kuufunga mkono. Glavu ikamtazama tu. Ni kama kukunja sahani.

Na siku gani hii, msomaji wangu? Siku ya fainali.

Tangu goti lake lilipoteguka mwezi wa kwanza, Queen alikuwa akisugua benchi huku langoni amesimama Ebba, binti mrefu mwenye umri wa kuchezea na tabasamu la kuuzia dawa ya meno. Mechi hii naye ameketi, mechi ile naye ameketi. Kila siku anavaa mizigo yote ile ya kinga, anajaa kama godoro, kisha anakaa kumfungulia mwenzake mlango wa uwanja. Bingwa mara mbili, bawabu.

Asubuhi ya leo kocha Annika akapiga simu. Ebba ameumia nyonga mazoezini. "Unaanza wewe, Queen. Sikufichi: leo ukisimama imara, msimu ujao lango ni lako. Ukishindwa, tutashukuriana na tutaagana."

Mechi ni saa kumi. Sasa hivi ni saa saba na nusu.

Mama yake akapanda na kapu lake kwenda kuweka chai, na pale pale kwenye chumba cha kufulia Queen akampigia Ebba.

"Glavu yangu imekufa," akamwambia.

"Chukua yangu basi," akasema Ebba.

"Wewe unadakia mkono wa kulia."

"Ah. Kweli. Mpya ya dukani?"

"Mpya ni mti. Mpaka ilainike, mimi nitakuwa na wajukuu."

"Mwambie kocha."

"Nikimwambia atakuweka wewe, na hiyo nyonga yako."

"Na mimi nitakubali," akasema Ebba, anacheka kidogo. "Unajua nitakubali, Queen."

Anajua. Angekuwa yeye naye angekubali. Akakata simu, akapanda ngazi kwa hasira, ghorofa hadi ghorofa, glavu kwapani kama kobe aliyeokotwa.

Sasa mnajua wageni wetu na saa zao. Ukiwaalika saa nane, unaweka maji ya chai saa tisa. Lakini jumuiya ya Mtakatifu nani-sijui-nani ya Hässelby imekaa Sweden mpaka imeharibika: Queen alipofika mlangoni, kina mama walikuwa wamekwisha kuvua viatu, wamejaa sebuleni, koti juu ya koti, na saa nane bado haijafika.

"Banange, Queen!" Babirye wa Kampala akainuka kumkumbatia. "Umekonda, nyabo. Huko kwenye samaki hawakulishi?"

"Kwenye samaki?"

"Si Jordbro? Ghala la samaki wa barafu? Mama yako katuambia zamani, Queen anafanya kazi kwenye baridi kali, ndiyo maana Jumapili hatumwoni. Hata mwanangu Andrew nilimwombea nafasi huko, mama yako akaniambia zimejaa."

Queen akageuka polepole. Mama yake alikuwa amekwisha kuingia jikoni, na kwa ghafla birika lilikuwa na mambo mengi ya kutazamwa.

"Mama."

"Chai inachemka."

"Mama! Mimi nauza samaki?"

"Sikusema unauza. Nilisema uko kwenye barafu. Hauko kwenye barafu?"

Miaka yote ile. Medali mbili za dhahabu ziko kwenye kabati hili hili la sebuleni, chini ya vitambaa vya meza, na Queen siku zote alidhani zimehifadhiwa zisiibiwe. Kumbe zimefichwa zisionekane.

"Mimi ni mlinda mlango," akawaambia wageni. "Nacheza magongo. Nimekuwa bingwa wa nchi hii mara mbili. Leo nina fainali, na mama yangu amenifulia glavu na mashuka."

Mkono wa mtu uliokuwa unaelekea kwenye sahani ya senene ukasimama njiani.

Dafrosa akatoka jikoni, ameshika birika kwa mikono miwili.

"Wanamrushia mawe," akasema, hamtazami mtu. "Nilikwenda mara moja, alipokuwa mdogo. Watoto wa wenzangu wanakimbia huku na huku, wangu kasimama peke yake, na kila mtu anamrushia jiwe. Na kazi yake ni kutokukwepa. Ningewaambiaje watu? Nimevuka bahari kuja kumlea mwanangu awe wa kupigwa mawe? Nikaona bora samaki."

Ungekuwa wewe ungesema nini? Queen akaibana glavu kwapani. Alikuwa na hasira nyingi mno, na sasa hasira hiyo haina pa kukaa.

Aliyeinuka ni Victoire, wa Bukavu, mwanamke mwenye mikono kama ya mkanda unga wa harusi.

"Bon. Ile kitu njo hii?" Akaichukua glavu kutoka kwapani mwa Queen bila kuomba. Akaigonga. Ko, ko. "Aye, mama! Hii imekuwa kiti. Dafrosa, leta mafuta. Ngozi ni ngozi tu, ikikauka inapakwaka."

"Mafuta gani?" akauliza Dafrosa, kama anayetupiwa kamba kisimani.

"Yote."

Ndugu zangu, huko Stockholm kuna wataalamu wa kila kitu, wa magoti, wa meno, wa usingizi wa mbwa. Lakini hakuna aliyewahi kuona tiba ya siku ile. Yalikuja mafuta ya nazi, ikaja Vaseline, ikaja samli. Kina mama wakakaa duara, rozari mkono mmoja, glavu ikizunguka kwenye mkono wa pili. Kila Salamu Maria anaikanda mmoja, anaipinda, anaipiga kwa goti, anampa jirani. Babirye aliikanda kwa ngumi. Victoire aliikanda kama ina deni naye.

"Fungu la pili mpeni Dafrosa," akaamuru Babirye. "Yeye ndiye aliyetenda."

Queen alisimama katikati ya sebule, saa inakimbia, anatamani kucheka na anatamani kupiga ukuta. Walipomaliza rozari wakamkabidhi Queen glavu. Inang'aa kama kichwa cha askofu. Akafunga mkono. Ikajikunja nusu. Nusu tu.

"Twende wote," akamwambia mama yake. Hakujua kwa nini amesema.

Dafrosa akatazama wageni, akatazama senene, akatazama sakafu. "Nina wageni, Queen. Wageni hawaachwi."

"Hej då, basi," akaaga Queen, akabeba mfuko wake, ambao sasa ulinukia sabuni ya maua, na akaupigiza mlango.

Saa kumi kamili akawa langoni.

Wapinzani walikuwa mabinti wa kaskazini, wazito, wenye subira kama theluji. Dakika za kwanza Queen akazuia kwa miguu, akazuia kwa kifua, akaanza kuamini. Kisha likaja shuti la juu, upande wa glavu. Shuti jepesi kabisa. Shuti ambalo angelidaka huku anajibu simu.

Akainua mkono. Kisahani kikaingia katikati ya kiganja, sawasawa, pahali pake. Na glavu haikufunga.

Kikagonga, kikaruka kama jiwe juu ya bati, kikamdondokea begani, kikavingirika wavuni.

Moja bila.

Nahodha wao alikuwa mtu mwenye macho. Akaiangalia ile glavu. Akasogea karibu, akatabasamu. "Umenunua mpya kwa ajili yetu?"

"Cheza," akasema Queen.

"Inanuka nazi."

Akarudi kwa wenzake, akawanong'oneza, na tangu hapo kila shuti likaja juu, kushoto, kwenye glavu. Kila moja! Queen akaacha kudaka. Akaigeuza glavu kuwa ungo, akawa anapepeta tu: piga huku, piga kule. Lakini ungo hauzuii yote. Cha pili kiliteleza kwenye samli ya jumuiya, kikamponyoka kama kambare.

Mbili bila. Kengele ya mapumziko ya kwanza kati ya mawili.

Kwenye ukorido nje ya chumba cha kuvalia, kocha Annika alimsubiri. Mwanamke mfupi, sauti ya msumeno.

"Nipe hiyo."

Akamnyang'anya glavu. Akaibonyeza, akainusa, akafumba macho.

"Nani amefanya hivi?"

Hapa palikuwa na njia mbili, na Queen aliziona zote. Angeweza kusema mama yangu. Ni kweli tupu.

"Mimi," akasema. "Nimeifua."

Annika akaipindua glavu. "Wewe. Miaka yote hii kwenye barafu, ukafua glavu."

"Ilikuwa inanuka."

"Likiingia jingine upande huo, Ebba anaingia. Hata kwa mguu mmoja." Akamrudishia glavu, akaenda zake.

Queen akateleza na ukuta mpaka chini. Akavua kofia. Ndipo akasikia kelele kwenye kona ya ukorido, mlinzi wa uwanja anajieleza kwa Kiswidi cha upole, na juu yake sauti anayoijua tangu tumboni.

"Mimi ni mama yake! Unanizuiaje? Mimi ni mama yake!"

Wakatokea. Jumuiya nzima, makoti mazito juu ya vitenge, Victoire amebeba chupa ya chai. Mbele yao Dafrosa, kilemba kimekaa upande.

"Wageni hawaachwi," akasema, anahema. "Nimekuja nao."

Queen alitaka kukasirika. Alikuwa na kila haki. Lakini uchovu ulikuwa umemzidi hasira.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona la pili. Kile kitu bado hakifungi."

"Hakifungi, Mama."

"Na yule kocha nimemsikia. Kwa nini hukumwambia ni mimi?"

Queen akainua mabega, yale mabega ya godoro.

Dafrosa akalinyoosha koti lake. "Nifanye nini? Niambie. Usiseme hakuna."

Queen akamtazama mama yake, mwanamke aliyejaliwa, wa kukaa akakalika. Wazo likamjia, wazo la kijinga, ambalo kila mlinda mlango hulijua tangu utotoni na kulionea haya.

"Kaa," akasema. "Ikunje hivi, uikalie. Kwa uzito wote."

"Niikalie?"

"Kaa, Mama!"

Dafrosa akakaa. Akaikalia glavu kwenye benchi la ukorido wa uwanja wa barafu, koti limepanuka kama kuku aliyeatamia, macho mbele, midomo inatembeza rozari. Victoire akamimina chai ya moto kwenye mshono uliochungulia chini ya koti. "Amen, kalia vizuri!" akahimiza Babirye. Mlinzi akageukia ukuta.

Kengele ilipolia, Dafrosa akainuka, akampa. Yenye joto, imebonyea. Queen akafunga mkono.

Ikafunga. Kwa uvivu, kwa kununa, lakini ikafunga.

Nifupishe, maana najua mnavyopenda. Mapumziko ya pili Dafrosa akaatamia tena. Isfalken wakarudisha moja, wakarudisha la pili. Mabinti wa kaskazini walipiga glavu mpaka wakakata tamaa ya glavu. Zikiwa zimebaki dakika chache Isfalken wakapata la tatu, na uwanja ukasimama wote, isipokuwa kocha Annika, ambaye hajawahi kufurahi mapema tangu azaliwe.

Alikuwa na sababu. Sekunde za mwisho kabisa, beki wa Isfalken akamkwatua nahodha wa wapinzani aliyekuwa anakwenda peke yake. Filimbi. Mwamuzi akaonyesha katikati ya uwanja.

Penalti. Mpigaji mmoja, mlinda mlango mmoja, na barafu yote ile katikati yao.

Akizuia, ni ubingwa. Ikiingia, ni sare na muda wa nyongeza, na huo Queen asingeucheza: kule kwenye benchi Ebba alikuwa amekwisha kuvaa kofia, amesimama mguu mmoja, amekunja uso kwa maumivu. Annika alikuwa mtu wa neno lake.

Nahodha akaja. Hakukimbia. Alikuja anatingisha kisahani, kushoto, kulia, kama anayembembeleza mtoto. Queen akarudi nyuma, akarudi tena, mpaka visigino vikakaribia mstari. Atapiga wapi? Usiniulize. Unajua wapi.

Juu. Kushoto.

Queen akajirusha. Mkono ukaenda nyuma, nyuma mno. Akasikia kisahani kinaingia kiganjani, akasikia glavu inafunga, kap!, kama zamani, kama kabla ya digrii sitini, na akaanguka chali, nusu ya mwili ndani ya lango, mkono uliofumba umelala huko nyuma.

Nyuma ya mstari? Mbele ya mstari? Juu yake?

Wachezaji wa Isfalken wakarusha magongo hewani. Mabinti wa kaskazini wakainua mikono, wanadai goli. Mwamuzi akapiga filimbi, hakuonyesha kitu. Akamwendea Queen, akainama.

"Usiusogeze mkono," akamwambia. "Kaa hivyo hivyo."

Akaenda kando ya uwanja, akavaa zile spika za masikioni za kuongea na chumba cha video. Juu ya lango kuna kamera moja ndogo. Hiyo peke yake ndiyo iliyoona.

Watu elfu kadhaa wakanyamaza. Queen amelala pale, shavu kwenye barafu, anasikia moyo wake ndani ya kofia. Ameshika kile kisahani kuliko alivyowahi kushika kitu chochote. Na kama mkono umevuka mstari, basi kukishika vizuri ndiko kulikomuua.

Ndipo, katika kimya kile, kikapanda kigelegele. Kirefu, cha Bukoba, cha harusi. Kisha cha pili, kisha jumuiya nzima.

Nyamazeni, akaomba Queen moyoni. Bado. Hamjui sheria, nyamazeni.

Mzee mmoja Mswidi aliyekaa jirani na Dafrosa akamgusa bega, akamwambia kwa huruma kwamba, mama, huenda ni goli, haijaamuliwa.

"Det är min dotter!" Dafrosa akamjibu, na uwanja mzima ukasikia. Kisha akasimama juu ya kiti, kilemba kimeanguka, akarudia kwa lugha yake, kwa Babirye, kwa Victoire, kwa Hässelby yote na Jordbro na samaki wake: "Yule ni binti yangu! Yule pale, aliyelala! Wa kwangu!"

Queen akafumba macho.

Alipoyafumbua, mwamuzi alikuwa amevua spika. Anateleza kuelekea katikati ya barafu, taratibu, uso hausomeki. Akasimama. Akavuta pumzi.

Na mkono wake wa kulia ukaanza kuinuka. Tukutane wiki ijayo.